Sekunde Kumi na Tano

Kila asubuhi nikifika steshenari naning'iniza mkoba, nafuta vumbi kwenye kioo kikubwa cha kompyuta, kisha naiwasha. Leo maandishi yalitokea makubwa, yenye ukungu, na pete za kadi ya harusi ya Namtumbo tunayoitengeneza zilikuwa zimetanuka kama mayai.

Nikafungua mipangilio, nikarudisha vipimo halisi vya kioo. Kompyuta ikauliza kama nihifadhi, ikaanza kuhesabu sekunde kumi na tano. Zikiisha, inarudi ilivyokuwa.

"Usihifadhi, dada!" Fulgence, mwenzangu wa kazi, aliniwahi akiwa bado mlangoni. "Nilimkuzia Noela maandishi jana. Macho yanamsumbua, ila anaona aibu kusema."

Noela ana wiki tatu hapa. Mimi nimekaa kiti cha pembeni ya Fulgence miaka miwili, nikikunja macho kwenye herufi zile ndogo, na hajawahi kuniuliza.

Tisa. Nane. Kidole kilikuwa juu ya mausi.

"Pete zimekuwa mayai," nilisema.

"Mayai si chakula? Mwache mtoto wa watu aone."

Tatu. Mbili.

"Fulgence, naona wivu," nikasema. "Nataka unijali mimi."