Vijumba Vitatu vya Makame

Ilibaki nusu saa dirisha la kujiandikisha kwa mtihani wa Kikorea lifungwe, karani alipoirudisha fomu. "Dada, hapa panatakiwa jina lako kwa herufi zao. Mimi sizijui."

Mwanakombo akachukua kalamu. Baba yake, Mzee Shaame, aliyesimama kando yake, alikuwa amemsikia akiinong'ona lugha hiyo jikoni mwaka mzima, lakini hakuwahi kuuona mkono wake ukiiandika. Vijumba vidogo vya herufi vikaota kwenye karatasi, kimoja baada ya kingine, kila silabi na kijumba chake.

"Lako na langu yanatosha," alisema mzee.

"Pasipoti ina majina matatu, baba. La babu lazima liwepo." Akaandika vijumba vitatu vya mwisho. "Huyu hapa. Makame."

Mzee Shaame akavua kofia. Baba yake alikufa bila kuvuka hata mto wa hapo chini, na mara ya kwanza jina lake kuandikwa ilikuwa kwa mkaa, kwenye ubao wa kaburi.

Karani akanyanyua muhuri.

"Subiri kidogo, mwanangu," mzee alimwambia. "Wino haujakauka."

Akaiinamia fomu, akaanza kulipuliza jina la baba yake polepole, kama anayeamsha kaa la moto. Muhuri ukabaki hewani.