Viti Visivyokaliwa

Siku ile mjinga alikuwa Bwana Shamte, na mwenyewe hakatai. Mjane aliyemposa, Bi Mwanasha, alikuja kuitazama nyumba kabla hajatoa jibu, naye Bwana Shamte akaona ampokee kwa kumtembeza.

Akamwonyesha hariri za Uchina alizotundika ukutani kama nguo za watu waliosafiri. Akamwonyesha mabakuli ya samawati, kisha viti vya Kihindi vya mti wa msaji, vilivyochongwa tausi migongoni. Kila kiti kilikuwa kimefungwa kamba nyekundu, kutoka mkono mmoja wa kiti hadi wa pili.

"Nikae wapi?" Bi Mwanasha akauliza.

"Hivyo havikaliwi. Ngoja nikuletee kigoda cha jikoni."

"Kwani wewe hukaa wapi?"

Bwana Shamte akatazama pembeni. Ndoo ilikuwa pale dirishani, imepinduliwa, imechujuka rangi mahali anapokaa kila jioni.

Bi Mwanasha akacheka, akaishika kamba. "Fundi alivichonga ili vitazamwe? Nifungulie kimoja tu. Miguu inaniuma, na tuna mambo ya kuzungumza."

Mkono wa Bwana Shamte ukalifikia fundo, ukasita hapo.

"Bibie, vina miaka mia mbili hivi. Vimefika vizima kwa sababu waliovimiliki walikuwa na subira. Nawe subiri, utazoea."

Bi Mwanasha akajitanda mtandio wake, akavaa viatu mlangoni.

"Subiri navyo wewe, Bwana Shamte. Mimi miaka mia mbili sina."