Ua la Nyumba ya Mama Mkwe

Siku hizi nyumba husikia amri ya mwenyewe na kuitii. Mama mkwe aliiamuru yake neno moja: kila kinachoingia kipambwe kwa ua la asumini. Alishafariki, lakini nyumba haijasahau. Sahani mpya ikivuka kizingiti tu, ua linachomoza ukingoni. Nikiitoa nje, linafutika. Nimezoea.

Leo tumemleta binti yetu kutoka hospitali. Nilipomvua soksi nikaliona kisiginoni, jeupe, dogo.

“Shaame,” nikamwambia mume wangu, “mtoe nje.”

Akambeba hadi barazani, tukakitazama kile kisigino juani. Ua halikufutika. Likafunguka taratibu, petali baada ya petali, mpaka baraza nzima ikanukia asumini.

Shaame akamwinamia mtoto.

“Shikamoo, mama,” akasema.