Kanga Juu ya Kioo

Siku hizi hospitali zote zinapashana habari, na kila nyumba ina kioo chake ukutani. Ndugu yako akipokelewa popote, kioo kinakwambia kabla hajavua viatu. Baadaye huwaka taa: nyeupe ni heri, nyekundu ni msiba.

Alhamisi nilikuwa nakuna nazi kioo kikasema, "Raya binti Makame amepokelewa wodi ya wazazi, Mtwara."

Nazi ikanitoka mkononi. Binti yangu hakuniambia kama ana mimba. Lakini nilimwelewa. Mbili za kwanza ziliharibika baada ya mtaa mzima kujua, akaapa nyingine ataificha hata kwangu.

Wifi yangu Bi Mgeni akaingia bila hodi, maana na kwake kimesema. "Wifi, hongera! Nipige vigelegele?"

"Thubutu, nikupige na mwiko!"

Simu ikaita. Raya. "Shikamoo mama. Niombee dua, nina homa kidogo."

"Marahaba mwanangu. Mungu akuondolee hiyo homa."

"Mama, kioo hakijakwambia kitu?"

"Kioo? Mbona nimekifunika!"

Alipokata simu nikavua kanga begani, nikakifunika upesi, nisije nikaandikiwa uongo.

Baada ya sala ya alasiri taa ikawaka. Bi Mgeni akanyoosha mkono afunue, nikaushika. Kanga yangu ni nyekundu, na taa yoyote ikipita hapo hutoka nyekundu. Tukakaa tunaitazama, simu mapajani mwangu, nikimngoja mwanangu aniambie mwenyewe.