Swali Kwenye Chupa

Kila walipojaza chupa ya divai yao ya rozela, Anselmi na rafiki yake Kasiani waliibandikia karatasi yenye swali kutoka kwenye vitabu vya wanafalsafa wa Kiyunani. Siku ya kuifungua, kila mmoja alitoa jibu lake.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mjane wa Kasiani alimletea Anselmi chupa ya mwisho. Karatasi ilikuwa na mwandiko wa marehemu: Je, mwenye hekima huogopa kifo?

"Kasiani hakuogopa," Anselmi alisema, akizibua chupa. "Hakulalamika hata siku moja."

"Kwako, shemeji. Kwangu alilia. Wiki nzima nilimsihi aniruhusu nikuite uje umshike mkono, akakataa. Alisema utamwona mwoga."

Anselmi alimimina bilauri mbili, kama alivyozoea, kwa sababu hakujua mikono yake ifanye nini kingine. Mjane akavuta kiti alichokuwa akikalia mumewe, akaketi.

"Haya," alisema. "Jibu."

Anselmi akainua bilauri. Kabla haijafika mdomoni, divai ikamwagika kwenye karatasi ya chupa, na wino wa swali ukaanza kuchuruzika.