Bodi ya Lori la Muksini

Miguu tu ya mgeni ndiyo iliyoonekana. Mwili wote ulikuwa umezama chini ya lori la marehemu Muksini, tochi ya simu ikimulika huku na huku. Bi Mwanamwema alisimama kando, khanga kaikaza kifuani.

"Mama, haya matundu ya bolti ni ya zamani," sauti ilitoka chini. "Bodi hii ya chuma haiyatumii. Kulikuwa na bodi nyingine?"

"Mafundi wa Karatu hao, mwanangu. Hutoboa tu wakijisikia."

Mgeni akajivuta nje, akajipangusa vumbi jekundu. Alikuwa amejitambulisha kwa adabu: Supeet, mwenyeji wa Endulen. Alisema Bedford za enzi zile, malori kama hili, hazikutoka kiwandani sawasawa. Nyingine zilikuja kichwa na chasisi tupu, mwenyewe ajiundie bodi. Nyingine zilikuja na bodi ya chuma. Chache zilikuwa na bodi ya mbao, na juu yake vyuma vya kutandazia turubai. Hayo aliyapata kwa mafundi wazee, Arusha mpaka Mto wa Mbu.

"Natafuta lile la mbao," alisema. "Lililokuwa likipeleka unga Olbalbal."

Moyo wa Bi Mwanamwema ulipiga pa! Wanunuzi wa magari ya kale aliwajua. Huanza na injini, wakamalizia na bei. Huyu hakuuliza hata kama lori linauzwa.

Masika yale ya safari za unga, Bi Mwanamwema alikuwa bado bibi arusi. Muksini alirudi kutoka Olbalbal, hakugusa chakula. Alishika ndoo na brashi, akazisugua mbao za lori hadi adhuhuri, na maji yaliyoshuka mferejini yalikuwa mekundu.

"Kuna nini?" alimuuliza.

"Usiniulize, mke wangu."

Wiki hiyohiyo sokoni kukavuma kwamba kuna lori linatafutwa Endulen, kuna mtu kaumia vibaya. Haukupita muda, Muksini akazing'oa mbao zote zikawa kuni, akafunga bodi ya chuma. Njia ya Endulen hakuikanyaga tena mpaka anaingia kaburini. Bi Mwanamwema alipikia kuni zile mpaka zikaisha. Hakuuliza tena. Alikuwa amekwisha kujijibu.

"Hilo lori lilifanya nini?" aliuliza sasa.

"Wazee wamenikataza kusema kabla sijawa na hakika." Supeet alilitazama lori, kisha akamtazama yeye. "Mwenyewe yupo?"

"Alishatangulia mbele ya haki."

"Ameacha watoto?"

Dukani, mwanawe Seif alikuwa akicheka na wateja, sauti ileile ya babake. Bi Mwanamwema akasogea, akauziba mlango wa duka kwa mwili wake.

"Watoto wanahusikaje?"

"Mwenyewe akiwa hayupo, watoto ndio tutakaowaendea, mama. Ukoo mzima. Jambo hili halifi na mtu."

Basi ndiyo hivyo. Damu ya mtu imekuja kuulizia watoto wake. Mume alikuwa mikononi mwa Mungu, lakini Seif alikuwa hai, na hakuwa na kosa.

"Sikiliza, mwanangu," alisema, akamkazia macho. "Mimi nimeolewa nimelikuta lori hili. Bodi ni hiihii ya chuma, ya kiwandani. Wallahi, halijawahi kuwa na mbao."

Kiapo kilimwunguza ulimi, lakini hakukirudisha.

Supeet aliinamisha kichwa. Uso wake ulinywea kama wa mtu aliyefika kisimani akakuta kimekauka.

"Basi silo. Na lilikuwa la mwisho kwenye orodha yangu." Alizima tochi, akampa mkono. "Samahani kwa usumbufu, mama. Sasa naweza kukwambia; tulificha watu wasije wakajidai ndio. Baba yangu alipigwa pembe na nyati kule Olbalbal, utumbo nje, wenzake wakamkimbia. Dereva mmoja Mswahili alimpakia juu ya mbao za lori lake, akamkimbiza hospitali Endulen, akamlaza mlangoni, akaondoka bila kutaja jina, labda akiogopa kudhaniwa ndiye aliyemuumiza. Tangu hapo mzee anamtafuta amshukuru."

Alifungua geti.

"Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata."