Kisahani cha Ndani

Mbeyu aliweka gurudumu lake katikati ya sebule, akashika rimoti. Lilikuwa gurudumu moja tu, la vipande vya plastiki vya kuchezea, na mota mbili tumboni.

“Moja inalisukuma mbele,” aliwaeleza wageni. “Ya pili inazungusha kisahani. Kisahani kikienda kulia, gurudumu linageukia kushoto.”

Likazunguka mguu wa meza, likarudi. Mama yake akapiga kigelegele.

Wivu ukamkaba Nyamvula, dada yake Mbeyu. Gurudumu lake mwenyewe, lililomchukua mwaka mzima kuliunda, lilijua kwenda mbele tu, na mama hakuwahi kulipigia hata kofi moja.

“Hebu nilione, mdogo wangu.”

Akaligeuzia dirishani kana kwamba anatafuta mwanga, akachomoa kisahani, akakifumbata katika mkono wa kulia. Akalirudisha sakafuni, akaenda kusimama mlangoni.

Mbeyu akabonyeza kulia, akabonyeza kushoto. Gurudumu likanyooka tu hadi mlangoni, likagota kwenye vidole vya miguu ya Nyamvula.

Mbeyu akacheka. “Mnaona? Limemfuata aliyenifundisha!”

Vigelegele vikapanda. Mama akainuka, akamjia Nyamvula huku amenyoosha mikono yote miwili.

Nyamvula akampa mkono wa kushoto.